Fulana za Walio Hai

Mongina Omariba hachapi fulana nyuma ya pazia. Meza yake huitega pale pale watu walipo: kando ya uwanja wa mpira Chepseon, chini ya hema wakati wa wiki ya utamaduni chuoni Kabianga, nje ya kanisa siku ya mchango. Unasema unataka nini, naye analaza fulana juu ya ubao, anateremsha fremu iliyotandwa kitambaa cha wavu, anamimina rangi na kuikokota kwa kibao cha mpira mara mbili, kisha anainua. Maandishi hayo, mabichi, yanang'aa. Anatandika gazeti juu, anapiga pasi ya makaa mpaka rangi ikubali kukaa, na wewe unaondoka umeivaa. Wanaopenda kutazama wanatazama, na wanaopenda kutoa ushauri wanautoa, maana nchi hii haijawahi kupungukiwa na washauri.

Alipoanza waliambizana kwamba hatamaliza mwaka. Kwanza ni mwanamke, na kazi ya rangi inachafua mikono. Pili, hii ni Kericho. Mvua ikifika saa nane inanyesha bila kumwuliza mtu, na umeme nao hukimbia ikiwa bado ni wingu tu. Utachapaje nje? Mongina alinunua turubai na pasi ya makaa, akaendelea. Mwaka ukaisha, na wa pili, na sasa ni wa tisa.

Kazi alifundishwa na mzee Ndung'u, aliyekuwa na kibanda cha mabango mjini. Ndung'u alikuwa mkali kama siki na hakumsifu mtu bure. Jambo alilomkazania ni kusoma. Anayechapa mbele za watu, alisema, hana pa kufichia kosa, basi asome kila neno kabla ya kugusa rangi, alisome tena, halafu ajiulize nani atalivaa. Rangi ikishaingia kwenye pamba haina kwaheri.

Herufi za majina Mongina huzikata mwenyewe, kwa wembe, kwenye zile karatasi nyeusi za eksirei. Ni ngumu, hazilowi maji, na ukizipangusa zinadumu miaka. Hizi zake zilipigwa hospitali ya Longisa, na mgongo ulio ndani yake ni wa mama yake, Bitutu. Daktari alizishika kwenye mwanga akamwambia mama huyu aache kubeba kikapu. Bitutu akamshukuru, akaziweka chini ya godoro, na kesho yake alfajiri alikuwa shambani na kikapu mgongoni. Alichuna majani chai miaka ishirini na minane. Alikuja kutoka Kisii mwaka wa tisini na saba, Mongina akiwa wa miaka miwili, na katika nyumba ya chumba kimoja kwenye kambi ya wachunaji alimlea, akamsomesha, akamzika mume. Ukiinua herufi B ya Mongina ukaielekeza juani, utaona kipande cha uti wa mgongo wa Bitutu. Mongina hapendi kuielekeza juani.

Sasa, kuna kazi moja inayomlisha kuliko zote, nayo ni matanga. Siku hizi huku kwetu, uwe Mkisii, Mkipsigis au Mkikuyu, hakuna mazishi bila fulana. Kamati ikishakaa, mtu anatumwa kwa Mongina siku ya Alhamisi, na Jumamosi ukoo mzima umevaa: jina la marehemu, mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka wa kufa, na chini yake neno la kumwambia apumzike. Ya kwanza aliyochapa ilikuwa ya baba yake mwenyewe.

Na katika kazi hiyo ana kanuni, ambayo aliipata kwa aibu. Miaka miwili iliyopita, pale Chepseon, alikuja bwana mmoja mpole akaagiza fulana kumi za matanga ya kaka yake. Mongina akachapa, zikaanikwa kwenye kamba. Kabla hazijakauka, kaka mwenyewe akatokea sokoni akiendesha ng'ombe, akasimama mbele ya kamba, akasoma jina lake na mwaka alioambiwa amekufa. Walikuwa wanagombania shamba, na yule mpole alitaka kumtangulizia kifo. Wazee walikaa siku tatu kulisafisha lile neno, maana kumfungia mtu mwaka wake wa mwisho angali anapumua si mzaha katika nyumba ya Kipsigis, wala katika nyumba yoyote ninayoijua. Tangu siku hiyo Mongina hafungi mwaka wa mtu mpaka aone kibali cha mazishi. Ulie, uape, uwe padri, atakuambia kwa adabu: kibali kwanza. Akishakisoma ndipo anafungua kopo la rangi.

Ni mtu wa namna hiyo basi aliyepigiwa simu na Shirley mwezi wa kumi.

Shirley ni mpangaji wa sherehe, mama wa mjini mwenye mdomo mtamu na simu mbili. Alisema kampuni fulani ya chai ina shughuli. Jina la kampuni sitalitaja, maana wana mawakili wengi kuliko miche. Walikuwa wameleta mashine za kuchuna, na wachunaji sitini na wawili wa kambi ile wangeagwa kwa heshima, kwa hema, kwa soda, na kila mmoja angechapiwa fulana yake hapo hapo huku akiona. Mkurugenzi mwenyewe angetoka Nairobi. Na Shirley akapunguza sauti: siku hiyo ikienda vizuri, mbio za kampuni za kila mwaka ni zako, fulana elfu tatu, kwa miaka mitatu.

Hapo ndipo Mongina alipoanza kupiga hesabu. Elfu tatu ni nyumba ya kazi yenye paa, yenye mlango unaotazama barabara kuu. Ni kuacha kukimbizana na turubai kila saa nane. Kwa miaka tisa alikuwa amekitazama chumba kimoja pale mjini, kilichokuwa kimefungwa kufuli, akijua hata rafu atazipigilia wapi.

Mchoro ukaja kwa simu kutoka Nairobi. Juu, jani la kampuni. Chini yake, ASANTE KWA SAFARI YAKO. Katikati, pengo la jina na mwaka wa kuanza kazi. Halafu kistari, halafu 2025. Na mwisho kabisa, kwa herufi za mapambo, SASA PUMZIKA.

Mongina aliona. Nasema aliona, ili asitokee wa kumtetea. Mtu anayechapa matanga kila Alhamisi hawezi kuukosa uso wa matanga. Labda aliyechora huko Nairobi hajawahi kuzika mtu huku kwetu. Mongina alikaa na simu mkononi, akajiambia kwamba muuza majeneza huona jeneza hata kwenye kabati. Akajiambia kustaafu nako ni kupumzika. Akajiambia maneno mengi, na yote yalikuwa na harufu ya kile chumba cha mjini. Orodha ya majina ilipofika, la kwanza lilikuwa la Bitutu. Akajibu: nimepokea, asante.

Siku ikafika. Uwanja wa kambi ulijaa viti vya plastiki, na mbele ya hema kubwa walikuwa wamezipanga zile mashine, zimeoshwa, zimefungwa utepe kama maharusi. Wachunaji walikalishwa wakizitazama. Sijui ni nani aliyewaza hilo, lakini natumaini analala vibaya.

Msimamizi wa shughuli alikuwa Kipyegon, afisa wa wafanyakazi, kijana nadhifu aliyezaliwa kambi iyo hiyo, nyumba ya saba kutoka bomba la maji. Nusu ya wanawake wale walimbeba mgongoni akiwa mtoto. Alieleza utaratibu: jina likiitwa, mama anakwenda mezani, anachapiwa, anavaa, anasimama kando. Mkurugenzi akifika saa sita, picha ya pamoja. Wakaomba, wakaimba, na jina la kwanza likaitwa.

Bitutu alikuja amevaa gauni la kanisani na dasti koti lake la kazini juu yake, maana asubuhi ilikuwa na baridi. Alikuwa anatabasamu. Kwake yeye hiyo ilikuwa siku ya kuwaonyesha wenzake kwamba fundi aliyeitwa na kampuni ni binti yake. Mongina akapanga herufi za eksirei kwenye pengo, moja moja, akapanga 1997, akateremsha fremu, akakokota rangi. Akainua. Akapiga pasi. Akampa.

Bitutu alijifunza kusoma ukubwani, kwenye ngumbaru ya kanisa, kwa hivyo husoma polepole akifuata kwa kidole. Kidole kikapita kwenye jina. Kikapita kwenye 1997, kikavuka kistari, kikafika 2025 na kusimama. Kikashuka kwenye SASA PUMZIKA. Tabasamu likaondoka taratibu.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwa Taprandich, mama wa Kipsigis waliyechuna naye mistari jirani tangu mwanzo. Akachungulia juu ya bega la mwenzake.

"Hii ni nguo ya matanga," akasema kwa lafudhi ya kwao. "Na mimi pado niko."

Neno likatembea kwenye foleni mpaka mwisho. Nyambeki, mnene wa maneno, akauliza kama jeneza linakuja na gari la mkurugenzi au wamelitanguliza. Wachache wakacheka, kisha wakaacha. Kuna mama mmoja aliyevua viatu akaketi kwenye nyasi akasema yeye haendi mezani ng'o.

Bitutu hakucheka wala hakulia. Aliikunja fulana mara nne, vizuri, akaikumbatia, akamtazama binti yake.

"Wewe unachapa hizi kila wiki," akasema. "Hukuona?"

Mongina angeweza kusema mchoro ulitoka Nairobi. Ingekuwa kweli. Angeweza kusema alifikiri, alidhani, aliambiwa. Alijiona amesimama na kibao cha mpira mkononi, na aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni, aibu ya moto, kwa sababu yule bwana wa Chepseon alimdanganya, lakini huku hakuna aliyemdanganya isipokuwa yeye mwenyewe.

"Niliona, Mama."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Bitutu akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea mzigo na kuujua uzito wake, akasogea pembeni ampishe Taprandich. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Mongina akageuza fremu chini juu. Akachukua utepe wa gundi, ule mpana wa kufungia katoni, akaukata kwa meno na kuubandika juu ya 2025. Akaubandika tena juu ya SASA PUMZIKA, akaukandamiza kwa kidole gumba mpaka usiruhusu hata tone. Akapanga TAPRANDICH na mwaka wake, akachapa. Fulana ikatoka na jina, na mwaka wa kuanza, na kistari, na baada ya kistari hakuna kitu. Taprandich akaishika mbali na macho, akaitazama, akaivaa.

Kipyegon akaja mbio mbio za mtu asiyetaka kuonekana anakimbia. Alitaka kujua kuna shida gani. Mongina akamweleza. Kipyegon akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mchoro ulipitishwa Nairobi na hawezi kuugusa, kwamba kupumzika maana yake ni kustaafu na kila mtu anajua, kwamba mkurugenzi yuko njiani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi niliposimuliwa. Alikuwa anajua kama wote wanavyojua. Jasho lilimtoka huku akitazama kila mahali isipokuwa usoni mwa Bitutu. Mwisho akamwambia achape kama ilivyoagizwa, au asahau zile mbio.

"Nina kanuni kwa meza yangu, Kipyegon," Mongina akasema, na sasa hakupunguza sauti. "Sifungi mwaka wa mtu bila kibali cha mazishi. Nilivunja kanuni asubuhi hii kwa sababu ya tamaa, na nimemvunjia mama yangu heshima. Sasa kama mnataka hiyo 2025, nileteeni vibali. Sitini na viwili. Nitasoma kimoja kimoja, halafu nitafungua rangi."

Hata yule wa kipaza sauti aliacha kujaribu kipaza sauti chake.

Kipyegon akanyoosha mkono akafunga katoni ya fulana. Hizi ni mali ya kampuni, akasema. Akafunga ya pili. Na jani lile kwenye fremu, akaongeza, ni mali ya kampuni pia. Mongina akakubali kwamba ni kweli. Akaiinua ile fremu na utepe wake, akampa mikononi, rangi ikalitia doa shati lake jeupe. Kutoka chini ya meza akatoa fremu yake ya zamani, tupu, aliyoachiwa na Ndung'u, haina jani la mtu. Akaifuta. Akasimama nyuma ya ubao usio na kitambaa, mikono mitupu, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba Kipyegon ameshinda, maana mchapaji bila nguo ni mpishi bila unga.

Ndipo Bitutu akavua dasti koti. Lilikuwa la pamba, limepauka mabegani pale mikanda ya kikapu ilipopita miaka yote. Akalilaza ubaoni, mgongo juu, akalinyoosha kwa viganja.

"Andika," akasema.

Mongina akapanga herufi. BITUTU. 1997. Kistari hakuwa na cha kukipangia, kwa hivyo alikiacha, na baada ya kuinua fremu alichukua ukingo wa kibao cha mpira wenye rangi akakikokota kwa mkono, akaanzia kwenye saba, akaenda, akaenda, mpaka kikafika kwenye mshono na kumwagikia ubaoni. Mstari haukuwa umenyooka. Bitutu akasema uko sawa.

Baada ya hapo hakukuwa na foleni, kulikuwa na msukumano. Walileta leso. Walileta dasti koti, aproni za jikoni, vitambaa vya kichwa, kuna aliyekimbia nyumbani akarudi na shuka. Nyambeki alishika pasi bila kuombwa akapiga huku akimtajia Kipyegon siku aliyomfulia nepi. Yule mama aliyeketi kwenye nyasi akavaa viatu akaja na gunia la unga lililooshwa, akataka jina lake liwe kubwa kuliko ya wengine, akapewa kubwa. Mongina alichapa mpaka vidole vikafa ganzi. Kila mstari aliukokota mpaka mwisho wa kitambaa, na kila alipoinua fremu alilisoma jina kwa sauti kabla ya kumpa mwenyewe.

Mkurugenzi alifika saa saba. Alishuka akakuta wanawake wamesimama mbele ya mashine zake, sitini na wawili, hakuna aliyevaa jani lake hata mmoja ila Taprandich, ambaye alisema anaiweka fulana hiyo kwa sababu jina lake limetoka vizuri. Alitazama migongo ile na mistari isiyo na mwisho. Alimwuliza Kipyegon jambo, Kipyegon akajibu kwa kifupi, akaficha doa la rangi kwa faili. Hotuba ikasomwa. Picha haikupigwa. Saa nane mvua ikaja, kama kawaida, na wageni wakakimbilia magari. Wachunaji hawakukimbia. Mvua hiyo walikuwa wamechuna ndani yake maisha yao yote.

Zile mbio alipewa mtu mwingine, wa Nakuru. Shirley hakupiga simu tena, na mialiko mingine miwili ya mashamba ilikufa bila maelezo. Kile chumba cha mjini sasa ni duka la vifuniko vya simu. Mongina hupita mbele yake akienda stendi na bado kinamuuma, msije mkadhani uhodari unalipa kodi. Meza yake iko pale pale, chini ya turubai. Lakini kanuni yake ilisafiri. Akifika mtu wa Alhamisi sasa, anakuja ameshikilia kibali mkononi kabla hajaulizwa.

Bitutu alihama kambi akapanga chumba karibu na binti yake. Ile fulana ya kwanza hakuitupa. Mongina alitaka kuichoma, akaambiwa aiache ilipo. Akataka kuifanya tambara la kupangusia fremu, akaambiwa aiache. Ilikaa imekunjwa mara nne chini ya godoro, zilipokuwa zamani zile eksirei, mwezi wa kumi na moja wote na wa kumi na mbili wote, na kila Mongina aliponyoosha kitanda cha mama yake alikwepa kuigusa.

Asubuhi ya tarehe mosi Januari, Bitutu aliamka mapema, akaoga, akamwomba binti yake awashe pasi ya makaa. Akaitoa fulana chini ya godoro. Mongina akainyoosha bila kuuliza, jina, 1997, kistari, 2025 na lile neno la mapambo, akampa. Bitutu akaivaa juu ya sweta. Wakatembea wote wawili, barabara ya chai, mpaka lango la kampuni, na hapo Bitutu akasimama katikati, pale magari yanapopita, akakunja mikono nyuma ili maandishi yaonekane yote.

Askari wa lango alikuwa mgeni, hakumjua. Akatoka kibandani, akasoma, akavua kofia.

"Pole sana, mama," akasema. "Marehemu alikuwa nani wako?"

"Ni mimi," Bitutu akasema. "Leo ni mwaka gani?"